Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, kina mama, ndugu wavuvi na manahodha, walimu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu. Hii ni taarifa ya kazi za chama chetu cha kuvikinga visiwa vya Lamu na hatari za bahari na tabianchi, hadi mwisho wa Desemba 2024, kwa wanachama wote wa Amu mjini (mji wa Lamu), Shela, Matondoni na Kipungani, na wenzetu wa Siyu, Faza, Kizingitini na Ndau. Naitoa kabla ya mkutano mkuu ili kila mtu aisome kwa utulivu na aje na swali lake. Hesabu za fedha ziko kwenye taarifa ya mhazini, ambayo imebandikwa mlangoni pa ofisi. Mimi nitaeleza kazi, nitasema nionavyo, na mwishoni nitaomba maamuzi.

Tuwakumbuke kwa dua wanachama waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Wamo kati yao waliokianzisha chama hiki kabla neno tabianchi halijafika barazani kwetu. Hoja yao ilikuwa moja tu: watu wanaoishi kisiwani, wanaokunywa maji yanayohifadhiwa na mchanga na kuvua ndani ya mikoko, hawawezi kuyaachia mambo hayo yaende kwa bahati. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tuliingia mwaka huu tukiwa bado tunaugulia El Niño ya mwisho wa 2023. Mnakumbuka Novemba ile, Mto Tana ulipofurika na barabara ya Lamu kwenda Garsen ikakatika. Magari ya mizigo yalikwama, na bei za vyakula zikapanda hapa kisiwani hata katika mitaa ambayo haikuingia tone la maji. Naanza na jambo hilo kwa sababu wengi wetu tukisikia neno mafuriko tunageuka kutazama bahari, na bahari ni nusu tu ya habari. Kisiwa hiki kinaweza kukaa na njaa kwa mvua iliyonyesha milimani huko Mto Tana unakoanzia. Ndiyo maana kamati iliamua mwanzoni mwa mwaka kwamba kila tawi liwe na akiba ya unga, mchele, mafuta ya taa na dawa ya kutibu maji ya kunywa, na kwamba akiba hiyo ijazwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Matawi mengi yametekeleza. Yaliyobaki yanajijua, na nitayataja mkutanoni.

Kuhusu bahari yenyewe, nitasema kwa kifupi kile ambacho wataalamu wamekithibitisha. Jopo la kimataifa la tabianchi, lile la Umoja wa Mataifa, limeandika kwamba kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kwamba kasi inazidi: kati ya 2006 na 2018 ulipanda milimita 3.7 kila mwaka. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyoko nchi kavu ikiyeyuka huishia baharini. Milimita 3.7 haionekani kwa jicho. Lakini bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda juu ya hicho kilichoongezeka, na upepo wa dhoruba huyasukuma maji juu ya bamvua. Kila bamvua la leo huanzia juu kidogo kuliko bamvua walilolijua babu zetu, na kile kidogo ndicho kinachoamua kama maji yataishia ukingoni au yataingia ukumbini.

Onyo la Mei

Jambo kubwa la mwaka lilikuwa tahadhari ya kimbunga Hidaya, na nataka tulitazame kwa makini kwa sababu limetufundisha kuliko semina zote tulizohudhuria.

Mwanzoni mwa Mei nchi nzima ilikuwa kwenye msiba wa masika. Watu wengi walikuwa wamekufa kwa mafuriko huko bara na kufunguliwa kwa shule kumeahirishwa. Katikati ya hayo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani yetu, na serikali ikasimamisha uvuvi na shughuli za ufuoni. Tarehe 4 Mei Hidaya ikafika Mafia, Tanzania, nguvu zake zikiwa zimepungua. Lamu ikapita salama, alhamdulillahi.

Siku zilizofuata maneno yakawa mengi vijiweni. Kuna waliosema watu wamezuiwa kutafuta riziki bure. Kuna mvuvi aliyeniambia usoni kwamba onyo jingine likija yeye ataingia baharini, liwe liwalo. Sikumlaumu. Mvuvi akiambiwa asitoke, siku hiyo chungu hakipandi jikoni, na hakuna aliyekuja kumlipa. Lakini naomba tuelewe kwa nini tulisalimika, maana sababu zenyewe ndizo zitakazotuonyesha siku ambayo hatutasalimika.

Kwanza, Mafia iko zaidi ya kilomita 500 kusini mwetu. Pili, Lamu iko karibu na ikweta, kama nyuzi 2 tu kusini yake, na vimbunga havipendi ukanda huu kwa sababu mzunguko wa dunia unaoufanya upepo ujizungushe ni dhaifu hapa. Sababu ya tatu ndiyo ambayo haikusemwa redioni, na manahodha wetu waliijua bila kuambiwa: tarehe 4 Mei ilikuwa mwezi 25 hivi, Mfunguo Mosi (Shawwal). Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka kwenye maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa huwa kudogo. Bamvua lilikuwa bado siku kadhaa mbele, mwezi ulipoandama karibu na tarehe 8. Kama upepo ule ungetukuta siku nne baadaye, alasiri, maji yamejaa hadi mwisho wake, na mvua ya masika inateremka mitaroni wakati huohuo bila pa kutokea, leo ningekuwa naandika taarifa ya namna nyingine.

Hilo ndilo ambalo ningependa kila mwanachama aondoke nalo. Upepo peke yake tunauweza, tumeishi na kusi na kaskazi tangu enzi za mitepe. Bamvua peke yake tunaliweza. Mvua peke yake tunaiomba. Hatari kwetu ni siku vitu vitatu vinapokutana, na kukutana huko kunaweza kuonekana siku kadhaa kabla na mtu yeyote mwenye kalenda ya maji na redio.

Kwa hiyo tulitengeneza kalenda. Tulichukua jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari za Kenya, tukaliweka kwa miezi ya Kiislamu na kwa saa zetu, tukapiga duara jekundu kwenye mabamvua makubwa ya mwaka. Karatasi ni moja tu, kubwa. Juu kuna mwezi na tarehe, chini saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa, na pembeni kumeachwa nafasi tupu ambapo mwenye kutunza kalenda anaandika kwa kalamu maji yalifika wapi. Ile nafasi tupu ndiyo ninayoipenda zaidi. Pale Kipungani kijana anayeitunza ameshaandika mambo kama "yamegusa mti wa kufungia punda" na "yameingia uwanja wa madrasa". Mtafiti akija kesho atakuta kumbukumbu ambayo chombo cha kupimia maji kilichopo bandarini hakiwezi kumpa, yaani maji yalifika mlango wa nani. Kalenda zimebandikwa misikitini, madukani, kwenye maduka ya mafuta ya mashine na kwenye ofisi za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo. Zikichakaa tutachapisha nyingine.

Kazi ya pili iliyotokana na Hidaya ilikuwa kufuatilia onyo lilipita njia gani. Tulikaa na matawi, tukauliza: wewe ulilisikia kwa nani, na saa ngapi? Majibu yalituhuzunisha. Waliolipata mapema ni wale wenye simu nzuri na wanaokaa mjini. Upande wa Ndau kuna walioletewa habari na nahodha aliyekuja na mizigo. Kuna bibi mmoja wa Kizingitini, hasikii vizuri na anaishi peke yake, ambaye hakuambiwa na mtu yeyote hadi mambo yakaisha. Na hata waliolipata, wengi walipata maneno ya fundi: upepo wa noti kadhaa (kipimo cha kasi cha mabaharia), mawimbi ya mita kadhaa. Mvuvi anataka kujua kama ngalawa yake itoke, kama jahazi livuke nje au lipite Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na kama Mkanda wenyewe utapitika maji yakiwa yamekupwa.

Sasa kila kijiji kina watu wawili wa tahadhari, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni moja: onyo likitoka, walitafsiri kwa lugha ya mashua na ya nyumbani, wampe mwadhini alitangaze kwa kipaza sauti, halafu wabishe hodi kwenye nyumba zilizoandikwa orodhani. Orodha ina wazee wanaoishi peke yao, wajawazito waliokaribia kujifungua, wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa kutembea. Tuliona ni lazima mmoja awe mwanamke kwa sababu kuna nyumba ambazo mwanamume hawezi kuingia saa zote, na onyo linalosubiri ruhusa mlangoni halifai kitu. Kina mama wa Siyu wameongeza jambo ambalo sisi sote tulilisahau: nani ana punda, na punda yupi atambeba nani. Vichochoro vyetu haviingii gari. Mgonjwa atatoka kwa mabega au kwa punda, na ni heri hilo lijulikane mchana kuliko kutafutwa usiku.

Wapo wanaodhani haya ni mambo madogo. Nawakumbusha tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami iliyotoka Sumatra ilivuka bahari hii yote. Somalia, jirani zetu wa kaskazini, karibu watu 300 walikufa. Kenya alikufa mtu mmoja, Malindi. Tuliokolewa na mambo kadhaa, umbali ukiwemo, lakini mojawapo ni kwamba habari zilitangulia maji na watu wakaondolewa ufuoni.

Hapo hapo nirudie lile la mvuvi na chungu chake. Kamati inapendekeza mfuko mdogo wa siku za onyo, ambao utampa mvuvi mwanachama posho ya chakula kwa siku anazozuiwa kutoka. Si utajiri. Lakini onyo ambalo gharama yake yote inabebwa na maskini litakuja kudharauliwa, na likidharauliwa mara ya pili litaua watu mara ya tatu. Naomba mliunge mkono.

Maji ya kunywa

Wageni wakija kuzungumza nasi kuhusu kupanda kwa bahari hutuonyesha picha za mawimbi. Mimi huwapeleka kisimani kwanza.

Mji wa Amu unakunywa maji ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua ikinyesha pale haitiririki, inazama mchangani, inachujika, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuyashinda. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna mita 40 hivi zilizo chini yake. Tulilisikia jambo hilo tukafurahi, kisha tukaligeuza upande wa pili: ukiyashusha maji matamu kwa kipimo kimoja kwa kuyapiga pampu kupita kiasi, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kwa vipimo 40. Na bahari ikipanda, chumvi inasogea hata kama hukupiga pampu. Kisima kikishaonja chumvi hakirudi kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo ulinzi wa matuta si suala la mandhari ya watalii. Tuta la mchanga linafanya kazi mbili kwa pamoja: ni tangi la mji na ni boma dhidi ya bahari. Anayechota mchanga pale kwa kujengea, na anayejenga ukuta juu ya tuta ili apate kuona bahari vizuri, wote wawili wanatoboa tangi moja. Mwaka huu tumeandika barua kwa ofisi zinazohusika kuhusu ujenzi unaosogelea matuta na tumepeleka picha. Majibu hayajaridhisha. Tutaandika tena, na safari hii tunaomba saini za wanachama wote wa Amu na Shela. Kwa upande wa punda wanaobeba mchanga, tumezungumza na wenyewe. Wengi ni vijana wetu, na hawana kazi nyingine. Kuwakataza tu ni kuwahamishia njaa. Baadhi yao sasa tunawalipa kubeba mawe na vifaa vya ukarabati wa jabia, yale matangi ya kale ya maji ya mvua, na ningependa kazi hiyo iongezeke.

Jabia ndizo zilizochukua nguvu nyingi za chama mwaka huu, na sioni haya kusema ndizo kazi ninayojivunia zaidi. Visiwa vya kaskazini havina tuta kama la Shela. Watu wanakunywa mvua, na mvua inahifadhiwa kwenye jabia, kazi ya mikono ya wazee wetu: sakafu pana ya kukingia na tangi la chini ya ardhi. Nyingine zina umri ambao hakuna anayeujua. Nyingi zilikuwa zimeachwa kwa kuamini kwamba bomba litakuja.

Tulianza na moja upande wa Kizingitini wakati wa kaskazi, maji yakiwa yamekwisha. Kina mama waliteremka ndani kwa ngazi ya boriti na makarai. Tope lilikuwa limefika magotini, jeusi, lina majani yaliyooza na kinyesi cha mbuzi kilichosombwa kutoka sakafuni. Baada ya kulitoa lote ndipo fundi alipouona ufa: mzizi wa mwarobaini uliokuwa umepenya pembeni, mwembamba kama utambi mahali ulipoingilia, kisha ukanenepa ndani ya ukuta na kuupasua. Kwa miaka, kila masika, jabia ile ilikuwa ikijaa na kuvuja kimyakimya, na watu wakilaumu mvua kuwa haba. Mti ulikatwa. Ufa ulizibwa, ukuta ukapigwa lipu upya, sakafu ikazungushiwa ua wa miba ili mbuzi wasipande. Na wazee wakatufundisha jambo ambalo lilikuwa linapotea: mvua ya kwanza haikingwi. Tundu la kuingilia linafungwa, sakafu inaoshwa na mvua hiyo, kisha linafunguliwa.

Masika yalipokuja jabia ilijaa, na maji yakabaki. Vijiji vingine viliposikia vikaleta maombi. Hatuwezi kuyafikia yote kwa mwaka mmoja, lakini hakuna matumizi ya fedha za chama ambayo yanajibu kiangazi na mafuriko kwa pamoja kama haya. Mwaka wa mvua nyingi jabia inatunza maji safi wakati visima vimechafuliwa na vyoo vilivyofurika. Mwaka wa ukame ndiyo inayobaki.

Mikoko

Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hekta 37,000 na ushei kati ya hekta 61,000 hivi za nchi nzima. Utafiti uliofanywa sehemu mbalimbali za dunia unaonyesha kwamba mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza urefu wa wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa msitu na kina cha maji. Kwa maneno mengine, msitu mnene unafanya kazi na msitu uliokatwakatwa haufanyi.

Mwaka huu tulipanda miche kidogo kuliko miaka iliyopita, na nimeulizwa kwa nini. Jibu ni kwamba tulitumia jembe zaidi kuliko kitalu. Kuna eneo nyuma ya Matondoni ambapo mikoko ilikuwa imekauka, na mtu wa kwanza kufika pale angesema tupande. Wavuvi wa kaa ndio waliotuonyesha tatizo: mkondo uliokuwa ukiingiza maji ulikuwa umezibwa na mchanga na magogo, kwa hiyo nyuma yake maji yakiingia kwenye bamvua hayatoki, yanakauka hapohapo na kuacha chumvi. Mizizi ya kupumulia ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ilikuwa imefukiwa. Hali ya namna hiyo ndiyo iliyoua mikoko ya Mwache, Mombasa, baada ya El Niño ya 1997 na 1998, matope ya mtoni yalipofunika mizizi. Ungepanda miche elfu pale, yote ingekufa. Tulifungua mkondo kwa majembe na makarai, siku za maji mafu, na tukauacha. Miezi michache baadaye mkandaa na mkoko vilikuwa vimeanza kuota vyenyewe, mbegu zimeletwa na maji bila mtu kuzigusa.

Pale tulipopanda, tulifuata mpangilio wa mikoko yenyewe: mlilana mbele unakopigwa na maji kila siku, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu kwenye ardhi ya juu. Naomba wahisani wetu watuelewe. Picha ya watu wengi wamesimama kwenye matope na miche mkononi ni nzuri, lakini mlilana uliopandwa mahali pa mchu ni fedha iliyotupwa. Tutawaalika pia waje kupiga picha mkondo uliofunguliwa.

Kuna ambao wameniuliza kuhusu biashara ya hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, wakitaja wenzetu wa Gazi, Kwale, ambao kupitia Mikoko Pamoja wameuza kaboni ya hekta 117 tangu 2013 na kutumia fedha kwa maji na shule. Ni mfano mwema na tuna la kujifunza kwao. Lakini tusikimbilie kutia saini. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na jamii hupata haki ya kushiriki kupitia chama cha msitu cha jamii na makubaliano na Huduma ya Misitu, kwa mujibu wa sheria ya 2016. Kampuni zimeanza kuja kwetu na karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza kirefu. Msimamo wa kamati ni kwamba hakuna mkataba utakaotiwa saini kabla haujasomwa wote kwa Kiswahili mbele ya wakata boriti, wavuvi wa kaa na kina mama wanaookota kuni, kwa sababu hao ndio watakaoambiwa wasiingie msituni.

Na wakata boriti tuwaseme kwa heshima. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo zimejenga mji huu, na kazi hiyo ni ya haki. Walipozuiwa mwaka 2018 pamoja na wakata miti wote wa nchi, familia zao ndizo zilizobeba mzigo. Mpango wowote wa mikoko usiowapa nafasi mezani hautadumu, na mimi sitaupigania.

Suala la ukuta

Wanachama wa mbele ya mji wanataka ukuta mrefu wa bahari, na tumelijadili zaidi ya mara moja. Nionavyo mimi, mji wa kale una haki yake ya pekee. Nyumba zilizoko kati ya ndia kuu, ile njia kuu ya ndani ya mji, na bahari zimesimama kwa sehemu kubwa juu ya ardhi iliyojazwa, hakuna nafasi ya mikoko pale, na maji ya chumvi yakikaa kwenye misingi ya mawe ya matumbawe chumvi hupanda ukutani na chokaa hubambuka. Huo ni urithi wa dunia tangu 2001, na pia ni nyumba za watu. Pale ukuta na gati vitunzwe, na mitaro iwekewe milango ya kuzuia bahari isirudi ndani wakati wa bamvua.

Lakini penye ufuo wa mchanga, ukuta ni jambo la kuogopa. Wimbi likiupiga linarudi na mchanga, na linakwenda kula ufuo wa jirani. Walioona Kipini, jirani zetu wa mdomo wa Tana, wanajua bahari ikianza kula kijiji inavyokwenda: nyumba, kisha msikiti, kisha makaburi, na watu wanarudi nyuma hatua kwa hatua. Si rahisi kumwambia mtu asijenge upya mahali alipozaliwa. Ila kwa viwanja vipya, naomba wazee wa kila tawi wakubaliane mstari ambao chini yake hakujengwi tena, kwa kuzitazama zile kumbukumbu za pembeni mwa kalenda.

Kwa upande wa serikali, kamati za wadi za tabianchi chini ya FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wananchi wenyewe, ndizo zinazopanga miradi ipi ipewe fedha. Baadhi ya wanachama wetu wamo. Wengine hawahudhurii, na nafasi isiyokaliwa na mtu wa kisiwa hukaliwa na mtu mwingine. Tukumbuke kwamba Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushahidi wa watu wa kawaida ulisikilizwa. Basi twende kwenye vikao na ushahidi wetu.

Bamvua la Idi

Uchaguzi wa kamati utafanyika kwenye mkutano mkuu. Nafasi ya katibu na ya msimamizi wa vijana ziko wazi. Fomu ziko ofisini.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko uchaguzi. Katika mwaka 2025 mwezi wa Mfunguo Mosi utazaliwa tarehe 29 Machi. Siku hiyohiyo na ya pili yake mwezi utakuwa karibu sana na dunia, na jua litakuwa limevuka ikweta siku chache kabla, tarehe 20. Mambo haya matatu yakiwa pamoja huleta bamvua kubwa kabisa. Maji yatajaa mara mbili kwa siku, saa kumi hivi alasiri na tena karibu na daku, kuanzia siku za mwisho za mfungo hadi baada ya Idi. Na huo ndio wakati ambao masika huanza. Huenda siku zile zikawa shwari, tukasali Idi na kula na watoto wetu. Lakini hatutasubiri kujua.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe yafuatayo. Ukarabati wa jabia zilizochaguliwa uishe kabla ya Ramadhani, kwani mfungo unaanza mwanzoni mwa Machi na hatutaki watu wachimbe tope na saumu. Mitaro ya Langoni na Mkomani isafishwe katikati ya Machi, na matawi ya Wiyoni na Shela yasaidie kwa nguvu kazi. Watu wa tahadhari wa kila kijiji wapitie orodha zao za nyumba upya, maana kuna waliohama na waliojifungua. Vyombo vidogo vifungwe mahali pa juu kuanzia mwezi 27 Ramadhani. Na mtunza kalenda wa kila tawi awe ukingoni maji yanapojaa, mchana na usiku, kwa siku zote za bamvua hilo, aandike yalifika wapi. Wanaojitolea kukesha zamu ya daku wampe katibu majina yao siku ya mkutano.